Gofu peke yako au gofu ya wanne: ipi ikufae?

Kabla ya kulinganisha chochote, tuelewane kwanza maana ya "peke yako". Uingereza au Marekani, anayecheza gofu peke yake mara nyingi huwa peke yake kwelikweli. Anasukuma mfuko wake kwenye kigari, anapiga, anautafuta mpira, anapiga tena, na mashimo 18 ya raundi nzima yanaweza kwisha hajasema na mtu. Huku kwetu, kuanzia Mombasa hadi Entebbe, mtu huyo kwa kawaida ana kedi, yaani mtu anayelipwa kumbebea mfuko wa fimbo na kumshauri. Kwa hiyo mpweke wa Afrika Mashariki ni watu wawili, mmoja anapiga na mwingine anaona. Jambo hilo linabadilisha hesabu nzima, na nitalirudia.

Mimi nimecheza kwa namna zote mbili miaka kadhaa, zaidi Mombasa, kwenye kile kiwanja cha mashimo 9 kilicho ukingoni mwa bahari upande wa Mama Ngina, ambacho kilabu chake kipo tangu 1911. Jioni za katikati ya wiki natoka peke yangu, Jumamosi natoka na watu. Nikikuambia kuwa ni mchezo mmoja nitakuwa nakudanganya. Fimbo ni zile zile, zisizidi 14. Mpira ni ule ule, usizidi gramu 45.93. Tundu lina kipenyo cha milimita 108 kwa mpweke na kwa mwenye wenzake. Kinachobadilika ni wewe uliyeshika fimbo.

Muda

Hapa mpweke anashinda bila ubishi. Watu wanne wakitembea kwa miguu, mashimo 18 huchukua saa nne au nne na nusu, na Jumamosi ya mashindano hata tano. Mtu mmoja asiyezubaa, uwanja ukiwa mtupu, humaliza kwa saa tatu au pungufu. Mashimo 9 huyamaliza kwa saa moja na dakika kadhaa.

Na kwetu dakika hizo zina thamani kuliko kwa wenzetu. Aliye Scotland mwezi wa Juni hupata mwanga hadi karibu saa 4 usiku, akimaliza kazi, akala, akalala kidogo, bado atawahi kucheza. Sisi tulio karibu na ikweta jua halitupi nyongeza. Mwaka mzima linazama saa 12 na kitu, na giza halichelewi kulifuata. Ukitoka kazini saa 10 na nusu, ukapita kwenye foleni, ukabadilisha viatu, umebakiwa na saa moja na nusu hivi. Watu wanne hawaenei humo. Mmoja anaenea, na chenji inabaki. Kama una familia na wikendi yako ina harusi, matanga na vikao vya shule, basi gofu ya jioni peke yako huenda ndiyo gofu pekee utakayoipata, na ulinganisho huu umekwisha kwako hapa.

Ila kasi hiyo inahitaji uwanja mtupu. Ukikuta wanne mbele yako, na wanne wengine mbele ya hao, utapiga na kungoja, utapiga na kungoja, na kungoja ukiwa huna wa kuzungumza naye kunachosha kuliko kutembea. Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi: kanuni za adabu ziliandika waziwazi kwamba mchezaji mmoja hana hadhi uwanjani, awapishe wote. Lugha hiyo iliondolewa mwaka 2004, na tangu hapo kinachoangaliwa ni nani anakwenda kwa kasi, wawe wanne au awe mmoja. Lakini kanuni kufutwa ni jambo moja, na desturi kufutika ni jambo jingine. Wapo wazee watakaokuona nyuma yao umesimama na fimbo mkononi na wasikuone. Usiwapigie kelele. Kaa chini ya mti, kunywa maji, shimo linalofuata kedi wako atazungumza na kedi wao na utapishwa. Makedi wana serikali yao.

Alama, na ukweli wa alama

Mpira wa mtu anayecheza peke yake haupotei. Hili nimelithibitisha kwa miguu yangu. Tangu 2019 kanuni inakupa dakika tatu za kuutafuta mpira (awali zilikuwa tano), zikipita umepotea, unarudi ulikopigia na adhabu ya mkwaju mmoja. Ukiwa na watu, kuna mtu atatazama saa. Ukiwa peke yako, nani anatazama? Unatafuta mpaka unauona, au unautoa mwingine mfukoni na kujiambia ule wa kwanza ulikuwa hapahapa tu.

Kisha kuna ule mkwaju wa mwisho wa mita moja kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka tundu. Umeshasogea, umechoka, jua linazama. Unauokota mpira na kusema moyoni, "huu ungeingia". Na kuna ule mkwaju wa kwanza ulioharibika kwa sababu ndege alilia, ukaupiga tena bila kuuhesabu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachofanana na wizi. Ni huruma tu, mtu kujihurumia mwenyewe.

Kulikuwa na msimu mmoja kadi zangu za jioni, nikijumlisha jioni mbili za mashimo 9, zilikuwa zinasoma mikwaju 85, 86 (kwenye gofu, michache ndiyo mizuri). Jumamosi mbele ya watu nilikuwa napiga 94. Nililaumu usingizi, nikalaumu viatu. Halafu jioni moja nikamwomba kedi wangu ahesabu pamoja nami kimyakimya mpaka mwisho. Huyu ni mtu mzima kunizidi. Mimi humwita mzee, naye huniita bosi, na hakuna kati yetu anayeona ajabu. Tulipomaliza shimo moja nikamuuliza, "Mzee, hapa nimepiga ngapi, sita?" Akatazama baharini. "Bosi," akasema, "kadi ni yako."

Nilikuwa nimepiga minane.

Ndiyo sababu waliotunga mfumo wa handikapu, ile nambari inayoonyesha kiwango cha mchezaji, hawakumwamini mpweke. Mfumo wa dunia nzima ulioanza 2020 unachukua raundi zako 20 za mwisho na kutazama 8 zilizo bora, na kila raundi sharti uwe umecheza na angalau mtu mmoja mwingine. Wamarekani walikuwa wakiruhusu alama za peke yako kwa miaka mingi, wakaacha kuanzia Januari 1, 2016. Katika kueleza uamuzi huo walisema kuwa kedi akiwa nawe raundi nzima, basi hukucheza peke yako. Kwa mpweke wa kwetu hiyo ni habari njema, ingawa ni vyema umuulize katibu wa kilabu chako jinsi wao wanavyolitekeleza, maana kamati nazo zina masharti yake. Na hata likikubaliwa, kumbuka lile jibu la "kadi ni yako". Shahidi unayemlipa wewe ana adabu nyingi kuliko inavyofaa kwa shahidi.

Ikiwa basi lengo lako ni handikapu ya kweli na kuingia mashindano, cheza na watu. Jioni za peke yako zichukue kuwa mazoezi, na kadi uiache nyumbani.

Kujifunza

Kasoro ile ile, ukiigeuza upande, ndiyo raha kubwa ya kucheza peke yako. Hakuna anayekutazama, kwa hiyo unaweza kukosea upendavyo. Umeingia kwenye shimo la mchanga? Toa mipira mitatu, piga yote, kisha ufukie alama za miguu yako. Jaribu fimbo usiyoiamini. Cheza mipira miwili, mmoja ukiuita wa kulia na mwingine wa kushoto, na uone upi utashinda (ule unaoupenda hushinda, sijui kwa nini). Mbele ya watu watatu wanaongoja zamu yao huwezi kufanya haya, na ukiyafanya hutaalikwa tena. Sharti ni moja: nyuma yako pasiwe na mtu.

Makedi wenyewe wamekua hivyo. Vilabu kadhaa huwaachia uwanja Jumatatu, na kijana aliyebeba mifuko ya watu wiki nzima hutoka na fimbo mbili tatu alizopewa, akapiga mpaka giza. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania wametokea upande huo wa mfuko.

Kuna somo moja, hata hivyo, ambalo mpweke hapewi kamwe, nalo ni woga. Ule mkwaju wa mita moja anaouokota jioni, Jumamosi atausukuma mbele ya watu watatu waliokaa kimya, huku kukiwa na dau la soda. Soda tu. Lakini mikono itatetemeka kana kwamba umeweka shamba la baba yako. Huwezi kuufanyia mazoezi woga huo ukiwa na wewe tu.

Na kuna upepo. Pwani, kusi likivuma, mpira uliopigwa vizuri unaweza kusimama hewani ukarudi kukutazama. Ukicheza na wenzako, anayetangulia kupiga ndiye anayekulipia ada ya somo: unaona mpira wake ulikopelekwa, unabadilisha fimbo. Peke yako unarusha majani hewani na kubahatisha. Hapo ndipo kedi mzuri anapokuwa na thamani ya watu watatu. "Ongeza fimbo moja, bosi, huko juu ni mwingi kuliko hapa." Nimekataa ushauri huo mara nyingi, na kila mara ndio mimi niliyejuta.

Watu wenyewe

Raha ya watu wanne sihitaji kuieleza sana kwa Mswahili, sisi hata chai hatunywi peke yetu. Utani wa kuanzia shimo la kwanza, mtu kushangiliwa kwa mpira uliogonga mti ukaangukia grini, baadaye kukaa kwenye lile wanaloliita shimo la 19, ambalo halina bendera ila lina viti, na kuicheza upya raundi nzima kwa mdomo. Peke yako huna wa kumsimulia. Fikiria umepiga kutoka pa kuanzia mpira ukaingia moja kwa moja shimoni, kitu ambacho wengi hucheza maisha yao yote bila kukipata, na aliyeona ni kedi tu. Ukifika kilabuni watakuuliza, "nani alikuwepo?" Utawanunulia vinywaji kama desturi inavyotaka na bado nusu yao hawatakuamini.

Lakini watu wanakuja na yao. Kuna anayepokea simu kila shimo. Kuna anayelala juu ya mpira. Kanuni inapendekeza sekunde 40 kwa mkwaju, yeye anahitaji muda wa kuswali. Na kuna mwalimu asiyelipwa, mwenye handikapu mbaya kuliko yako, anayekwambia kiwiko chako kimepinda. Nimecheza raundi nikiwa na walimu watatu, na kila mmoja na kiwiko chake. Kama siku nzima kazi yako ni kusikiliza watu, uwe mwalimu, daktari au mpokea malalamiko ya wateja, jioni ya kimya uwanjani itakutendea wema ambao kundi haliwezi.

Wanaosema mikataba hutiwa saini kwenye gofu wanatia chumvi, ila si uongo mtupu. Saa nne ukitembea na mtu utamjua. Utajua kama anaudhika, kama anadanganya, kama anamheshimu kedi. Mwenye biashara asicheze peke yake kila siku halafu akashangaa hafahamiki.

Mambo yasiyohitaji maneno mengi

Gharama za uwanja na kedi: karibu sawa kwa namna zote mbili.

Gharama baada ya uwanja: peke yako unalipa maji yako na kuondoka. Na watu, kuna dau, kuna vinywaji, kuna "zamu yako sasa". Mwajiriwa anayeanza apige hesabu hii kwa uaminifu kabla ya kujiunga na kundi la Jumamosi.

Kupata nafasi: Jumamosi na Jumapili mpweke mara nyingi hapewi, au anaunganishwa na wageni. Katikati ya wiki hakuna shida.

Hasira: mtu wa hasira acheze na watu. Peke yake atavunja fimbo.

Usalama

Watu hulipita jambo hili, nami sitalipita. Ukiwa wanne, mmoja akizidiwa na jua, akiumwa na nyoka majanini au akipigwa na mpira wa kundi jingine, kuna wa kukimbia na wa kubaki naye. Peke yako bila kedi, shimo la mbali kabisa, utangoja apite mtu. Simu iwe na chaji na uwe nayo mwilini, isikae kwenye mfuko ambao utauacha mita 50 nyuma.

Radi ni suala zito zaidi ukanda wa Ziwa Victoria, Kampala, Entebbe na Kisumu, ambako ngurumo za mchana ni nyingi mno. Kundi huwa na mwoga mmoja anayesema "turudi", na mwoga huyo ndiye anayeokoa wote. Mpweke hujiambia "nimalize hili shimo tu". Ukisikia ngurumo, ondoka mahali pa wazi, usisimame chini ya mti, na fimbo ziache. Kisumu husimuliwa pia kanuni ya zamani ya kilabu, kwamba mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba unaruhusiwa kuangusha mwingine bila adhabu. Hiyo ni kanuni moja ambayo mpweke ataifuata bila kuhitaji shahidi.

Kwa mwanamke anayetaka jioni yake ya kimya, ushauri nilioupata kwa wanawake wanaocheza hivyo ni atoke na kedi mmoja anayemjua, yule yule kila wiki, na aache habari pale mapokezi kwamba yuko shimo la ngapi na anatarajia kurudi saa ngapi. Kwa kweli ushauri huo ni wa kila mtu.

Sasa uchague

Kama umeanza juzi, nenda peke yako kwanza, mara nane au kumi, mashimo 9 tu, jioni, na umlipe kedi mzoefu. Hutamchelewesha mtu, na utakosea bila aibu. Usizidishe hapo, kwani mazoea mabaya yakikomaa bila kuonwa hayatoki tena, na wapo wachezaji wa miaka mitano ambao bado ni wazuri gizani tu.

Kama unatafuta handikapu, au unataka kuingia mashindano ya mwezi, wanne. Kama umestaafu na nyumba imekuwa kimya, wanne pia, hata kama unadhani unapenda upweke. Kama wikendi si yako, au kichwa kimejaa sauti za watu, peke yako.

Nikilazimishwa kuchagua kimoja cha maisha, nitakwepa swali na kusema wawili. Mwenzako mmoja ni shahidi wa kadi, ni kipimo cha upepo, ni wa kuita gari la wagonjwa, na bado mnamaliza kabla ya giza. Shida ni kumpata mtu wa mwendo wako na ratiba yako, na hilo ni gumu kama kutafuta mchumba.

Usipompata, fanya kama nilivyofanya mimi Jumamosi ya kwanza. Fika mapema, simama pembeni ya pa kuanzia, na ukiona kundi la watatu, sogea na useme: "Wakubwa, hamjambo. Kama kuna nafasi, naomba niungane nanyi." Watakuuliza handikapu yako. Wape ile ya Jumamosi, si ile ya jioni.